Sauna si mashindano ya kuvumilia joto

Ndugu mmoja wa Dar ameniandikia kwamba aliingia sauna ya gym, yaani chumba cha mbao kinachopashwa joto kwa jiko lenye mawe ili mtu atoke jasho, akapanda benchi la juu kabisa na kukaa dakika 25, kwa sababu jamaa aliyemkuta humo alikuwa hatoki. Alipoinuka, macho yakaingia giza, watu wakamdaka. Anauliza kama starehe hii ni ya watu wa nchi za baridi tu. Kaka, hata sisi inatufaa sana. Kilichokuangusha ni kushindana.

Wenye sauna yao, Wafini, yaani watu wa Finland, waliwahi kuifanya mashindano. Kuanzia mwaka 1999 mji wao wa Heinola uliandaa ubingwa wa dunia wa kukaa saunani, joto likiwa nyuzi 110 na maji yakimwagwa juu ya mawe kila nusu dakika. Mwaka 2010 wawili wa fainali waliungua vibaya, mmoja akafariki. Hayakufanyika tena. Na hao walikuwa watu waliozoea sauna miaka na miaka.

Lile giza la macho lina sababu. Joto hutanua mishipa, damu nyingi ikakimbilia kwenye ngozi na miguuni. Ukisimama ghafla, presha inashuka na kichwa kinakosa damu. Kwa hiyo dakika mbili za mwisho shuka benchi la chini, weka nyayo sakafuni, kaa wima, ndipo uinuke polepole huku umeshika ukuta. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za presha na mjamzito waanze kwa daktari wao. Aliyekunywa pombe asiingie kabisa.

Kabla ya kuingia, oga kwa sabuni utoe mafuta ya kupaka na manukato, la sivyo yatayeyuka na jasho yakuingie machoni. Kisha jifute mpaka ukauke. Ngozi kavu hutoka jasho mapema kuliko iliyolowa. Vua saa, mkufu, pete, hereni na chochote cha chuma, maana chuma hushika moto haraka na kuchoma. Nywele funga kwa kitambaa cha pamba. Kalia taulo au khanga iliyokunjwa, kwa usafi na ili mbao zisikuunguze. Kama umekula ugali ukashiba, subiri saa mbili.

Sauna nzuri huwa kati ya nyuzi 70 na 90. Lakini hewa moto hupanda, na kati ya dari na sakafu tofauti inaweza kupita nyuzi 30. Mgeni akae benchi la chini, dakika nane zinamtosha. Ukishazoea, panda juu na upandishe miguu benchini, maana ukiining'iniza kichwa kinaungua huku vidole vya miguu vina baridi.

Sasa maji, ambako wengi huharibu. Mvuke unaotoka kwenye mawe Wafini huuita löyly, na kwao ndio roho ya sauna. Chota nusu kata, mwaga taratibu juu ya mawe ya katikati, subiri uusikie mabegani. Maji yakilia kwa ukali na kupotea papo hapo, mawe yamepata moto. Yakichuruzika hadi chini, jiko bado. La umeme huhitaji dakika 30 hadi 45. Ukimwaga kata tatu mfululizo utaungua masikio, kwa sababu mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kukuachia joto lake lote. Waulize wenzako kwanza kabla ya kumwaga. Mafuta ya mkaratusi usiyatie juu ya mawe hata siku moja, yanaweza kuwaka. Matone machache kwenye ndoo ya maji yanatosha. Na jiko lisilo na mawe halimwagiwi maji.

Halafu kuna jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayatusaidii: kupoa. Mfini hutoka akaingia ziwani au akasimama kwenye theluji. Dar au Mombasa unatoka unakutana na nyuzi 30 na hewa nzito ya bahari, jasho halikauki, mwili haupoi. Kwetu kupoa ndiyo kazi yenyewe. Ingia bafuni, anza na miguu, panda mikononi, malizia kifuani na shingoni kwa maji ya baridi. Kisha kaa mbele ya feni dakika 15, ukinywa maji au dafu kidogo kidogo. Rudia mizunguko miwili, mitatu ukiwa mzima sana. Moyo ukiendelea kwenda mbio baada ya kupumzika, ishia hapo.

Usikimbilie kuvaa. Futa mgongo kwa taulo, subiri dakika tano, pitisha kiganja: kikilowa, mwili bado una joto ndani, na shati utakalovaa litaloa kabla hujafika kituo cha daladala.