Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina lako

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alinijia akiwa na tovuti ya miaka sita, iliyozoeleka kwa watu wake wote, na hakuweza kubadilisha chochote ndani yake. Fundi aliyemtengenezea ndiye aliyesajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa akaunti yake na barua pepe yake, kisha akaacha kazi hiyo na simu ikawa haipatikani tena. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona anampunguzia mteja usumbufu. Lakini kwenye rekodi za usajili mwenye jina alikuwa fundi, na mteja aliyekuwa akimpa fedha kila mwaka hakutajwa popote. Tulihangaika kutuma risiti na maelezo kwa msajili, yaani kampuni iliyosajili jina hilo, na kabla hatujapata jibu la maana muda wa jina ukaisha. Likadakwa na watu ambao kazi yao ni kuwinda majina yaliyoachwa. Tukaanza upya na jina jingine.

Ndiyo maana anayeanza akija kuniuliza kuhusu nembo na rangi, namuuliza kwanza: akaunti ya usajili itakuwa ya nani?

Tuseme wazi kwamba jina la kikoa halinunuliwi, linakodiwa. Majina yote yanayoishia na .com yanatunzwa na kampuni ya Verisign, lakini huendi kwao. Unapitia msajili aliyeidhinishwa na ICANN, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 kuratibu mfumo wa majina ya intaneti. Unalipia mwaka mmoja au zaidi, mwisho miaka 10 kwa mkupuo. Na kodi ya jina si kodi ya hifadhi. Jina linamwelekeza tu mgeni kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Faili zako zinakaa kwenye seva ya anayekuuzia hifadhi. Kampuni moja inaweza kukuuzia vyote viwili, ila mimi napenda kuvitenganisha. Siku nikikosana na mwenye hifadhi, nabadilisha kwa msajili mpangilio wa seva za majina, zile zinazoonyesha jina linaelekea wapi, nasubiri saa chache, pengine siku moja au mbili, na tovuti inafunguka kutoka kwingine.

Wakati wa kusajili, fungua akaunti wewe mwenyewe hata kama fundi amekaa pembeni yako. Andika jina lako halisi, na uweke barua pepe isiyotegemea kikoa hichohicho. Hapa wengi huteleza. Anasajili jina, anatengeneza barua pepe nzuri yenye jina hilo, kisha anairudisha kwa msajili kama anwani ya mawasiliano. Kikoa kikizimika, barua pepe nayo inazimika, na onyo la kulipia linaelekea kwenye sanduku lisilofunguka. Pia usipuuze ujumbe wa kuthibitisha anwani unaokuja baada ya kusajili. Kwa majina kama .com una siku 15. Zikipita bila kuthibitisha, jina linaweza kusimamishwa na tovuti ikapotea hewani ilhali umelipa. Washa ulinzi wa hatua mbili, acha kufuli la uhamisho, linalozuia jina kuhamishiwa kwa msajili mwingine, likiwa limefungwa, na fundi wako umpe ruhusa ya kufanyia kazi mipangilio bila kumkabidhi nenosiri lako.

Kuhusu kuchagua jina lenyewe, kipimo changu ni simu. Mpigie mtu, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike. Akikosea, wengine nao watakosea. Sauti za r na l, au dh na z, huwachanganya watu wengi, na tarakimu ni mtihani: utalazimika kueleza kila mara kama ni 4 au ni neno nne. Kistari kinaruhusiwa katikati ya jina, si mwanzoni wala mwishoni, lakini kwenye mazungumzo huwa kinasahaulika. Halafu andika jina bila nafasi kati ya maneno, ulitazame kwa jicho la mgeni. Niliwahi kupendekeza kazinimali, nikiwa na maana ya kazi ni mali. Mtu wa kwanza kulisoma akaniuliza, kazini kuna mali gani? Tukaliacha. Kanuni inaruhusu herufi hadi 63 kabla ya nukta, ila ukipita 15 umeanza kumchosha mwandikaji. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti.

Viishio vya herufi mbili ni vya nchi na maeneo, hata vile vinavyoonekana vya kisasa: .tv ni ya Tuvalu, .ai ni ya Anguilla, na masharti na bei zake huamuliwa huko. Soma bei ya kuhuisha kabla ya kuvutiwa na bei ya mwaka wa kwanza. Na usichukue jina linalofanana na alama ya biashara ya mtu. Tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN wa kumnyang'anya aliyesajili kwa nia mbaya.

Kusahau kulipia si kwa wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watu kwenye huduma yake ya barua pepe ya Hotmail, na watumiaji wengi wa Hotmail wakashindwa kuingia kwenye barua zao. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kukupa nafasi ya kulipa kwa bei ya kawaida, isiyozidi siku 45, na wengine hutoa pungufu ya hapo. Likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, kisha siku 5 za kusubiri, halafu yeyote anaweza kulichukua. Washa malipo ya kujirudia, na ukumbuke kwamba kadi ya benki nayo ina tarehe yake ya mwisho.

Kama tayari una tovuti, fungua lookup.icann.org uandike jina lako. Utaona msajili ni nani na muda unaisha lini. Ukigundua huna njia ya kuingia kwa msajili huyo, mpigie leo fundi aliyekusajilia, angali anapokea simu.