Toa programu yako Aprili, hata kama haijakamilika

Vijana wanaotengeneza programu hapa Arusha huniuliza: nitajuaje kwamba sasa niwape watu waanze kuitumia? Wengi wanatarajia niwatajie kiwango fulani cha ubora. Mimi huwauliza kwanza wateja wao wanapumua mwezi gani.

Nafanya kazi na kampuni ndogo za utalii, zile zenye magari matano au sita. Mfumo wetu unapanga magari na madereva. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni hai sizoni, msimu wa wageni wengi: nyumbu wanahamia kaskazini mwa Serengeti, wageni wanashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kila siku, na dada anayepanga safari hapati hata muda wa kunywa chai. Desemba kuna wageni wa sikukuu, Februari nyumbu wanazaa Ndutu, upande wa kusini. Masika yakishika, Aprili na Mei, baadhi ya kambi hufungwa, magari yanapelekwa gereji na simu zinapungua. Ukimletea mtu programu ngeni mwezi Julai, hata iwe nzuri kiasi gani, hataigusa. Wala simlaumu, maana akikosea kidogo tu, mgeni anabaki uwanja wa ndege na masanduku yake.

Kwa hiyo tarehe inajulikana, na haisogei. Kinachopungua ni kazi. Ikifika Machi, andika yote ambayo mfumo wako unatakiwa kufanya, kisha ubaki na lile moja linalomkosesha mteja usingizi. Kwa kampuni hizi ni gari moja kupangiwa safari mbili. Ankara tuliziweka kando, kwa kuwa tayari wana Excel na mhasibu aliyeizoea. Ripoti za mwezi nazo tuliziweka kando. Kama hilo moja halitakuwa imara kabla ya Mei kwisha, subiri Novemba, mvua za vuli zikipunguza wageni tena. Najua inauma kusubiri, lakini kampuni ikishakuona umewavurugia safari, huipati tena.

Na uimara unaupima vipi? Omba safari za Agosti iliyopita, zote, uziingize kwenye mfumo moja baada ya nyingine kama vile zinafika leo, huku mpangaji wa safari amekaa pembeni yako. Sijaona jaribio linalofundisha kuliko hili. Mfano mmoja: wageni wanamaliza safari Seronera, katikati ya Serengeti, wanapanda ndege ndogo kwenda Zanzibar. Kwa hesabu ya mfumo, safari imekwisha na gari liko huru kesho asubuhi. Dada aliangalia kioo cha kompyuta akasema, “Kaka, hilo gari liko Serengeti bado. Dereva atalala njiani au atafika hapa kesho usiku.” Siku ya gari kurudi tupu haimo kwenye ratiba ya mgeni, kwa hiyo haikuandikwa popote, ilikuwa kichwani mwake tu. Akaniuliza pia, “Mbona inanidai namba ya pasipoti wakati mgeni hata hajalipa?” Mpangilio wa ukurasa ule tuliubadilisha hapo hapo. Mambo kama haya huwezi kuyawaza ukiwa peke yako na kompyuta, hata ukikaa mwaka mzima.

Hiyo pasipoti inanileta kwenye yale yasiyosubiri. Sura mbaya inavumilika, ukurasa unaochelewa kidogo unavumilika. Taarifa za watu hazina majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na haikupi msamaha eti kwa sababu una wateja watatu tu. Kabla ya mtu wa kwanza kuingia, hakikisha kila kampuni inaona wageni wake peke yake, nakala rudufu inafanyika kila siku, na wewe mwenyewe umeshajaribu kurudisha data kutoka kwenye nakala hiyo.

Kama unatoa programu ya simu, panga ratiba yako mapema. Kwa akaunti mpya za watu binafsi, Google Play inataka watu wasiopungua 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuomba kuiweka wazi kwa wote. Ukikumbuka hilo Mei 20, masika yameshakupita.

Kuhusu watu wa kuanza nao, kampuni tatu zinatosha. Usianze na ya shemeji yako, atakusifia. Tafuta yule ambaye msimu uliopita aligombana na dereva kwa sababu ya ratiba, na umtoze japo nusu ya bei, kwa sababu anayelipa hulalamika, na malalamiko yake ndiyo unayoyahitaji.

Kisha kaa tayari kuambiwa kwamba programu yako ina kazi nyingine kabisa. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, kwa wateja mia kadhaa tu, ililengwa kwa watu kulipa marejesho ya mikopo midogo. Wale watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia waliliona hilo, na Machi 2007 huduma ilipotangazwa kwa umma, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikobebwa mbele. Ingeanza na nchi nzima, sidhani kama kuna mtu angepata nafasi ya kugeuza mwelekeo.

Waambie waziwazi kwamba ni majaribio, na wasifute ubao wao wa ukutani, ule wenye majina ya madereva yaliyoandikwa kwa makapeni. Uacheni ufanye kazi sambamba na mfumo. Pita ofisini mchana, uangalie safari mpya inaandikwa wapi kwanza. Ikiwa bado inaanzia ubaoni, halafu jioni ndiyo inahamishiwa kwenye mfumo, muulize mpangaji anakwama wapi, urekebishe hapo kabla ya Juni. Ikianzia kwenye mfumo katika kampuni zote tatu bila wewe kupiga simu kukumbusha, fungulia kampuni ya nne.