Mahindi yaliyo njiani si mahindi: kwa mnaoanza kazi ya takwimu za nafaka

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za mizania ya chakula, yaani hesabu ya chakula kilichopo na kinachohitajika nchini, na nimekutana na yale yale ya kila mwaka. Nawapenda, kwa hiyo sitazunguka.

1. Msiandike "nafaka" kana kwamba ni kitu kimoja. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, kijana mmoja aliandika kwamba Kenya itakosa ugali. Ugali wetu ni wa mahindi meupe, na pengo lake huzibwa zaidi na malori ya Tanzania na Uganda. Iliyoguswa moja kwa moja ni ngano, yaani mkate na chapati, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano yetu huagizwa ng'ambo na kushukia Mombasa. Mahindi yaliumia pia, lakini kwa njia ya mbolea iliyopanda bei.

2. Mzigo usihesabiwe kabla haujavuka. Hapa nitakaa kidogo. Tarehe 5 Machi 2021 ilitoka barua ya Kenya kusimamisha uagizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Malori yakakwama mipakani, Namanga na Busia, turubai zimefungwa, mzigo unapata joto. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mezani kwetu mahindi hayo yalikuwa yameshaingizwa kwenye safu ya akiba. Jedwali linasema tumeshiba, huku wenye vinu wanapiga simu kuuliza watasaga nini. Wala msiichukulie sumu hiyo kama kisingizio cha mpakani. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100, wengi wao Makueni na Kitui, na mahindi yaliyowaua yalilimwa na kuhifadhiwa huko huko. Yalivunwa mabichi, yakawekwa ndani bila kukauka. Anayetaka nchi ipunguze kuagiza aanze kuuliza habari za vikaushio na maghala. Na kwenye jedwali wekeni safu tatu: yaliyoagizwa, yaliyofika, na yaliyopimwa yakaingia ghalani.

3. Unyevu wa mahindi ya ghalani usizidi asilimia 13.5. Gunia ni kilo 90. Yaandikeni ukutani.

4. Mkiambiwa dunia imejaa mahindi, ulizeni rangi. Mengi yanayouzwa kwenye masoko ya dunia ni ya manjano, ya kulishia mifugo. Meupe yana wauzaji wachache, kama Afrika Kusini na Meksiko.

5. India ilipozuia mchele mweupe usio basmati, Julai 2023, kuna aliyesema haituhusu kwa sababu sisi hununua Pakistan. Waliokosa India walikwenda kununua wapi? Huko huko Pakistan, na bei ikapanda.

6. Tarehe, jamani, tarehe! Pendekezo la kuagiza huandikwa Juni, unga ukiwa ghali na kila mtu ana haraka. Zabuni ikicheleweshwa, meli inatia nanga Oktoba, wakati wakulima wetu wa mahindi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wanavuna. Bei inaanguka mkulima akiwa bado na deni la mbolea. Msimu unaofuata anapunguza ekari za mahindi, au anapanda miwa, na mwaka ujao mtaombwa kuandika pendekezo kubwa zaidi. Kwa hiyo juu kabisa ya kila pendekezo iandikwe siku ya mwisho ya mzigo kushuka. Lisilo na siku hiyo nitalirudisha.