Nimepata fremu Pasua: niweke biashara gani, na kwa nini istikhara hainionyeshi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Nimepata fremu ya kupanga karibu na shule ya msingi kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtaji wangu wote ni shilingi 1,500,000, fungu langu la mirathi ya marehemu mume wangu. Mjomba ananishauri niweke grosari, kwa kuwa bia haikosi mnunuzi na wateja wengi wa pale si Waislamu. Kijana mmoja anataka kuniwekea mashine za bonanza tugawane mapato. Mwenyewe nilifikiria duka la bidhaa za nyumbani au kuuza mchele, lakini fremu ya jirani yupo Mangi mwenye duka la miaka mingi, naogopa nisije nikamkatia riziki yake. Nyumbani nina cherehani, majirani huniletea nguo za kurekebisha. Nimesali istikhara mara nne na sijaota chochote. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na awakuze watoto wako katika kheri.

Nianze na istikhara, yaani sala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo la kheri, kwa sababu naona ndiyo iliyokukwamisha. Jabir bin Abdillah, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amepokea, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha Masahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, na kwamba mtu anapokusudia jambo asali rakaa mbili zisizo za faradhi kisha aombe dua. Yatazame maneno ya dua yenyewe: “Ewe Mola, ikiwa unajua kwamba jambo hili ni kheri kwangu...” Jambo hili lipi? Mwenye kuomba anatakiwa awe tayari ana jambo mbele yake, amelikusudia, na anamwomba Mola wake amrahisishie likiwa ni kheri na amwepushe nalo likiwa ni shari. Katika hadithi hiyo hamna ahadi ya ndoto. Wewe umesali ukiwa na mambo manne mkononi, mawili kati yake hayaombewi istikhara kabisa, ukasubiri usingizi ukuchagulie. Hujakosea kusali, ila kazi ya kuchunguza na kushauriana inatangulia, na hiyo umeachiwa wewe.

Hayo mawili nitayapita haraka. Pombe na kamari zimetajwa pamoja katika aya ya 90 ya Suratul-Maida na tumeamrishwa tujiepushe nazo. Ama hoja ya mjomba kwamba wanywaji si Waislamu, hadithi ya Anas bin Malik aliyoipokea Tirmidhi inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, na miongoni mwao wamo muuzaji na mwenye kula thamani yake. Uharamu umefungwa na bidhaa, haukufungwa na dini ya mteja. Mashine za bonanza nazo, hata kama hutaigusa sarafu moja kwa mkono wako, fungu lako litatoka katika kamari, tena mlangoni mwa shule, ambako mtoto aliyepewa mia mbili ya andazi ataingia kujaribu bahati. Mjibu mjomba kwa adabu, mshukuru kwa kukujali, na umwambie hapana.

Sasa Mangi. Umefanya vizuri kuogopa, na moyo wa namna hiyo ni neema. Lakini katazo la mtu kuuza juu ya uuzaji wa ndugu yake, lililopokewa na Bukhari na Muslim, linahusu wawili waliokwisha kukubaliana bei kisha wa tatu akaingia kuvunja. Kufungua duka jirani na duka si katika hayo; masoko ya Waislamu tangu zamani yalikuwa na wauza nguo upande mmoja na wauza nafaka upande mwingine, bega kwa bega. Kilichokatazwa ni kukusudia madhara, kama kuuza kwa hasara ili mwenzako afunge, au kumsengenya kwa wateja wake. Kwa hiyo kisheria unaruhusiwa.

Kuruhusiwa ni jambo moja na kufaa ni jingine. Ukilipa kodi ya miezi sita, yaani shilingi 480,000, unabaki na shilingi 1,020,000, na hapo hujalipia leseni ya biashara wala hujatengeneza shelfu. Fedha hiyo haijazi duka. Mteja atakayekuta umeishiwa sabuni leo na sukari kesho atarudi kwa Mangi, ambaye anakopesha mtaa mzima na daftari lake analijua. Mchele nao ni mzuri, lakini mashamba ya mpunga ya Mabogini hayako mbali nanyi, na wenye jamaa huko huletewa wa kwao. Faida katika kilo ni ndogo, na anayeanza na magunia machache hushawishika kuitafuta kwenye kipimo. Nimewahi kuonyeshwa kisado ambacho kitako chake kilipashwa moto kikasukumwa juu kwa ndani, ukikitazama kwa nje huoni kitu. Suratul-Mutaffifin iliteremka kuwaonya watu wa namna hiyo. Sikudhanii hilo, ila mtaji mdogo katika biashara ya faida ndogo unaleta majaribu ambayo si lazima uyatafute.

Ninalotaka kukuambia hasa, dada yangu, ni kwamba umekuwa ukiuliza fremu itauza nini, na hujauliza mtaa unakosa nini. Wanazuoni, akiwemo Imamu Al-Ghazali, wameuhesabu ushonaji na kazi nyingine ambazo watu hawawezi kuishi bila ya kuwapo wa kuzifanya kuwa ni faradhi ya kutosheleza: mmoja akisimama nayo amewaondolea wenzake dhima. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, Saad bin Rabii akataka kumpa nusu ya mali yake, naye hakuichukua, alimwombea baraka kisha akauliza kama kuna soko la biashara. Akaonyeshwa soko la Qaynuqaa, akarudi na jibini na samli, vitu vya kuliwa kila siku na watu wa mji ule. Alianzia pale walipo watu.

Umeitaja cherehani mwishoni kwa maneno machache, kana kwamba si biashara. Mimi nimesimama hapo hapo. Majirani wanaacha mafundi wa mjini wanakuletea wewe, ukiwa chumbani, bila kibao wala tangazo. Karibu yako ipo shule, na mtoto wa shule hukatika zipu, hupasua suruali magotini, hurefuka sketi ikabaki juu ya goti katikati ya muhula. Kila Januari kuna sare mpya, na kabla ya Idi mbili kuna madira na kanzu. Chombo unacho tayari, hivyo fedha nyingi inabaki kwa ajili ya uzi, zipu, vifungo na majora machache ya kitambaa cha sare. Mangi hakugusi wala humgusi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba hakuna aliyekula chakula kilicho bora kuliko kula kinachotokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake.

Hata hivyo usiichukue rai yangu kavu kavu. Kaa nje ya fremu hiyo siku tatu, mojawapo iwe ya shule na nyingine iwe Jumapili, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kisha baina ya Alasiri na Maghribi, na uandike wanaopita wamebeba nini na wanakitoa wapi. Kile wanachokipandia daladala hadi soko la Mbuyuni au katikati ya mji ndicho kinachokosekana Pasua. Uliza walimu sare zinashonwa wapi. Ukiona kumbe mafundi wapo watatu hatua chache kutoka hapo, basi tutazungumza upya.

Kazi hii ina hukumu zake, na wengi huzipuuza. Ahadi ya siku ni deni: katika alama za mnafiki imo kwamba akiahidi huvunja ahadi, na mafundi wangapi huwaambia wazazi “njoo kesho” mara nne mfululizo, hali wanajua kitambaa hakijakatwa! Usipokee kazi ya Idi kuliko mikono yako. Vipande vinavyobaki ni vya mwenye kitambaa, vikiwa vya kufaa kitu mrudishie au umwombe, wala usimshonee mwanao kofia ukasema ni mabaki. Ukiharibu nguo kwa uzembe, utalipa. Na wanaume wasio maharimu wako, yaani wasio jamaa wa karibu usioweza kuolewa nao, walete nguo ya mfano upimie hiyo.

Kuhusu kuongeza mtaji, jiepushe na mkopo wa riba, hata wa kikundi cha marafiki. Ukihitaji baadaye, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mwombe pia mwenye nyumba apokee miezi mitatu badala ya sita. Pengine atakubali, na mkikubaliana yaandikwe. Ukishamaliza siku zako tatu na moyo ukaelemea upande mmoja, hapo sali rakaa zako mbili, utaje jambo lenyewe kwa jina lake katika dua, kisha uende ukalipie fremu bila kusubiri ndoto. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.