Kabla ya Kununua OLED, Nionyeshe Sebule Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, AFCON ya 2027 inachezwa kwetu Uganda, Kenya na Tanzania. Nina hela ya TV ya inchi 55. Nichukue OLED au QLED?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo niliwauliza watu miaka mitatu iliyopita. Wote walinijibu kwa sauti moja, "OLED", na mpaka leo jibu lao linaniuma.

Napiga picha za harusi hapa Busia, kwa hiyo jicho langu lina kiburi. Siku nilipoingia duka moja mjini Kampala, muuzaji alikuwa ameshusha mapazia na kuweka video ya samaki wa rangi wakiogelea kwenye giza la bahari. Giza lile! Kwenye TV za LCD kuna taa nyuma ya kioo, ndiyo maana usiku wa kwenye filamu hutokea wa kijivu kama majivu ya jikoni. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta inayounda picha inawaka yenyewe, na ikitakiwa kuwa nyeusi inazimika kabisa. Ile ya dukani ilikuwa OLED, modeli ya miaka ya nyuma, bei imeshuka hadi shilingi za Uganda milioni tatu na laki nane. Sikuomba hata kupunguziwa. Niliikatia kiti chake kwenye taksi, nikaishikilia wima kama mgonjwa hadi nyumbani.

Sasa sebule yangu inatazama magharibi. Kufika saa tisa alasiri jua limejaa hadi chini ya meza, na OLED ile haikuwa na mwangaza wa kushindana nalo. Nilichokuwa nakiona kwenye kioo ni sura yangu na dirisha. Nikapandisha mwangaza hadi mwisho. Hilo ndilo kosa la kwanza.

La pili sikulijua. Mama anaishi nami, na mama ni mtu wa habari. Saa moja asubuhi anafungua stesheni yake, na stesheni hiyo haiondoki hadi tunapokula chakula cha usiku. Nembo palepale kwenye kona, utepe mwekundu palepale chini. Akimaliza, anazima TV na kuichomoa ukutani, kwa sababu ya radi na kwa sababu yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haziokotwi barabarani. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa.

Kumbe OLED ina kazi inayoifanya ikiwa imelala. Malighafi inayotoa mwanga kwenye nukta zake huchakaa kwa kutumika, na nukta zinazowaka sana mahali pamoja huchakaa kuliko jirani zao. Baada ya saa kadhaa za kutazama, ukiizima kwa rimoti na kuiacha kwenye umeme, TV hujipima na kusawazisha tofauti hiyo. Ya kwangu haikupata nafasi hiyo hata usiku mmoja. Baada ya mwaka na miezi miwili, nikiwa natazama mpira, nikaona utepe wa habari unapita chini ya miguu ya wachezaji. Nikabadilisha chaneli, upo. Nikaweka picha za harusi ya mteja, bibi harusi ana nembo begani.

Fundi aliitazama mara moja tu. "Kioo kimeungua, mzee." Bei ya kioo kingine ilikaribia ya TV nzima. Dukani wakasema garantii yao haigusi mambo hayo. Shemeji yangu naye, ambaye TV yake ya LCD ina miaka tisa na haijaumwa hata mafua, alisema mbele ya wageni kwamba nimelipa mamilioni ili niandikiwe jina la stesheni ukutani. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilisikia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbale, tazama sebule yako kwanza. Anayetazama filamu usiku, mapazia yamefungwa, chaneli zinabadilika, anunue OLED na atanishukuru. Na za siku hizi zinang'aa kuliko ile yangu. Lakini nyumba yenye jua na mama wa habari ni nyumba nyingine.

Na usidhani QLED ni ndugu wa OLED kwa kuwa majina yanafanana. QLED ni LCD iliyoongezewa nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno zinazotoa rangi safi kulingana na ukubwa wake. Waliozigundua na kuziendeleza, Bawendi, Brus na Ekimov, walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023. Rangi ni nzuri kweli, ila taa bado ziko nyuma, na kwenye zile za bei nafuu usiku utabaki majivu. Kibandiko chenye herufi Q kisikutoe mate.

Mwaka jana nilinunua Mini-LED, na kwa hili nitajisifu kidogo. Nayo ni LCD, lakini taa za nyuma ni ndogondogo na nyingi, zimegawanywa kanda kwa kanda, na kila kanda inafifia peke yake. Jua la saa tisa haliitishi. Usiku maandishi meupe hutoa ukungu kidogo pembeni, nimeuzoea. Muuzaji akikwambia Mini-LED, muulize kanda ni ngapi. Asipojua, nenda duka la pili.

Kuna wimbi jipya pia, taa za nyuma zenye nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Hisense walionyesha ya inchi 116 huko Las Vegas mwanzoni mwa 2025. Inchi 116! Mlango wangu hauipitishi. TV ya 8K iache kabisa: ni nukta milioni 33, wakati chaneli nyingi za dekoda zetu ni HD au chini yake, na HD kamili ni nukta milioni mbili. Utalipia nukta milioni 31 za kubuniwa na TV yenyewe.

TV gadi, kile kifaa cha kuikinga TV na umeme unaopanda na kushuka, usisahau. Na ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio, toa ile picha kali ya dukani, weka ya sinema. Uso wa mtu utarudi kuwa uso wa mtu.

OLED yangu sasa iko chumbani kwa mama. Juzi aliniita, anauliza kwa nini stesheni yake inaonyesha tamthilia ya Kituruki ambayo haijatangazwa. Nikamwambia ni marudio.

Basi nitumie picha ya sebule yako, iliyopigwa saa tisa alasiri, mapazia wazi. Nikiiona ndipo nitakujibu.