Mjomba, hizo treni zina upande wa pili

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile: China itaipiku Marekani lini? Juzi mjomba kaongeza lake: kwa nini na sisi tusitawaliwe kwa mkono wa chuma kama China, tujengewe treni kama za huko?

Mjomba, treni zipo, na raha yake sikufichi. Guangzhou ninakoishi hadi Beijing ni zaidi ya kilomita 2,000, na unafika kwa saa nane hivi. Pesa taslimu sishiki. Hata muuza viazi vya kuchoma anakuonyesha karatasi yenye alama ya kuskani kwa simu umlipe. Hayo mnayaona kwenye video.

Msichokiona ni nyumba. Familia nyingi hapa ziliweka akiba yote kwenye fleti, mara nyingi zikiilipia kabla haijajengwa. Kampuni ya kujenga nyumba ya Evergrande ilipokwama na madeni mwaka 2021, wapo waliobaki wanalipa mkopo wa benki kwa nyumba isiyokwisha. Bei zikaporomoka, na mtu aliyeona nyumba yake ikishuka thamani hanunui friji jipya. Kwa hiyo viwanda vinatoa bidhaa nyingi kuliko wenyeji wanavyonunua, na bei za kiwandani zilianza kushuka mwishoni mwa 2022. Mnaposhangilia Kariakoo kwamba mzigo umekuwa rahisi, jueni kuna mwenye kiwanda huku anauza ili mashine zisilale tu. Mwenye kiwanda ninayechukua kwake taa za kuuza, zamani nilimbembeleza mimi. Siku hizi ananitafuta yeye kwa WeChat, programu yao ya ujumbe, usiku wa manane, na punguzo mkononi.

Sasa huo mkono wa chuma. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3. Agosti serikali ikaacha kutangaza takwimu hiyo, ikaja kuirudisha Januari 2024 kwa hesabu mpya isiyowahesabu wanafunzi. Nani aulize? Huyo bwana wa taa, kuhusu serikali, kwenye simu haandiki neno. Na Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa mji huu walitolewa majumbani na hotelini, wengine wakalala barabarani. Hapakuwa na diwani wa kumlilia.

Kuipiku Marekani kwa ukubwa wa uchumi, huenda, ila watu wa China wanapungua tangu 2022, na mimi siweki dau. Anayetaka kuja kununua mzigo aje, bei sasa inazungumzika. Wa kutafuta kazi abaki: vijana wao wenye digrii wanasambaza chakula kwa pikipiki.