El Niño moja: mafuriko Same, ukame Zambia

SWALI: Ndugu Mhariri, mwishoni mwa mwaka 2023 tulitangaziwa El Niño, na kweli vuli ilinyesha kupita kiasi. Lakini shemeji yangu anayelima Choma, kusini mwa Zambia, mahindi yake karibu yote yalikaushwa na jua msimu huohuo. Inawezekanaje? Na nikisikia tena jina hilo, nipande mahindi bila wasiwasi?
Msomaji, Same, Kilimanjaro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyompata shemeji yako. Mwanzoni mwa 2024 Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza hali ya janga kutokana na ukame huo, na mavuno ya mahindi ya Zambia yalipungua kwa zaidi ya nusu. Joto la bahari haliongezi mvua kila mahali kwa pamoja, bali huhamisha maeneo ambamo hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu. Maji ya Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki yanapopata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño, inayojirudia kila baada ya miaka 2 hadi 7, mvua za Oktoba hadi Desemba huelekea kuongezeka kwetu, ilhali kusini mwa Afrika hewa hushuka zaidi katika miezi ambayo mahindi yao huchanua, na hewa inayoshuka haifanyi mawingu.

Hata hivyo, naona tunaitazama mno Pasifiki na kuisahau bahari iliyo mlangoni petu. Bahari ya Hindi ina mzunguko wake: kuna miaka ambayo maji ya upande wa Afrika hupata joto huku yale ya karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yakipoa, na hapo unyevu husukumwa kuja kwetu. Mwaka 1997 hali hiyo iliambatana na El Niño kali, na mafuriko yake yanasimuliwa hadi leo. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali vilevile, lakini Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu hiyo, na mafuriko yaliyohofiwa hayakufika sehemu nyingi. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu tulivu, na bado vuli ilifurika, kwa sababu tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa mno.

Kwa hiyo usiamue kwa jina la El Niño peke yake, hasa wakati wa masika, ambayo hayafungamani nayo sana. Subiri utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ukikumbuka kuwa unaeleza uwezekano tu. Ukionyesha mvua za juu ya wastani, panda mahindi, lakini zibua mifereji mapema na uigawe mbolea ya kukuzia mara mbili, maana mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Andaa pia mahali pakavu pa kuanikia, kwa kuwa mahindi yanayohifadhiwa na unyevu hushikwa na sumukuvu. Ukionyesha mvua za chini ya wastani, punguza eneo la mahindi, na sehemu inayobaki upande mtama na choroko.